Mashine ya Kuchomelea kwa Msuguano: Kuzungusha ni Rahisi, Kusimamisha Ndiyo Kazi

Chukua vali ya kutolea moshi ya injini ya dizeli, mojawapo ya zile kuukuu zinazorundikana katika karakana za injini za mashua mjini Malindi, kisha ipitishie sumaku polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Mara nyingi sumaku itanasa kwenye mti wa vali na itakataa kushika kichwani. Kichwa kimetengenezwa kwa chuma chenye kromu, manganizi na nikeli, ambacho hustahimili moshi wa moto mkali lakini hakivutwi na sumaku. Mti umetengenezwa kwa chuma kingine kinachokubali kugumishwa kwa moto, ili usilike upesi unapopanda na kushuka ndani ya bomba lake la kuongozea. Vyuma hivyo viwili vimekuwa kitu kimoja bila mshono unaoonekana kwa macho, na hakuna waya wa kuchomelea ulioyeyushwa kati yake. Viliunganishwa kwa kusuguliwa kimoja juu ya kingine na kukandamizwa, kazi iliyochukua sekunde chache tu.

Aliyefanya kazi hiyo ni mashine, na hapo ndipo ugumu wa somo hili ulipo. Katika kuchomelea kwa umeme, mashine ni chanzo cha moto. Ustadi wote uko mkononi mwa fundi, naye huweza kurekebisha kosa papo hapo kwa sababu analiona. Katika kuchomelea kwa msuguano, fundi hubana vipande, hubonyeza swichi na kusubiri. Ustadi umehamishiwa ndani ya fremu, beringi, silinda na kidhibiti, kwa hiyo aliyebuni mashine ndiye aliyechomelea kila kipande kitakachopita humo, hata kama hayupo. Hoja yangu ni kwamba mbunifu anayedhani kazi yake kuu ni kuzungusha chuma atashindwa. Kazi yake kuu ni kukisimamisha na kukisukuma kwa wakati ufaao, bila mashine yenyewe kupinda; na kwa karakana ya pwani yetu, uamuzi wa kwanza utatokana na hali ya umeme unaoingia mlangoni.

Kanuni yenyewe si ngeni kwetu. Fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, anapotoboa ubao kwa keekee, anajua kwamba ncha ikiwa butu shimo litaanza kunuka moshi, kwa sababu kazi ya mkono imegeuka joto badala ya kukata. Mashine ya msuguano hulitaka joto hilo kwa makusudi. Kipande kimoja hushikwa kisizunguke, kingine huzungushwa, kisha nyuso zao hugusanishwa kwa nguvu. Mwanzoni vilele vidogo vya nyuso hukwaruzana na kuvunjika. Baada ya muda mfupi chuma cha pale kwenye mguso hulainika, na kuanzia hapo kinachosuguana si nyuso mbili kavu tena bali tabaka jembamba la chuma laini linalofinyangwa. Tabaka hilo husukumwa nje likiwa limebeba kutu, mafuta kidogo na uchafu uliokuwa juu ya nyuso, na hujikunja pembeni kuwa ukingo mnene. Kisha mzunguko husimama, msukumo huongezwa, na nyuso mbili safi ambazo hazijaguswa na hewa hukandamizwa hadi chembe zake zishikane. Chuma hakiyeyuki. Chuma cha kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali hapa joto la mguso hubaki chini ya kiwango hicho, mara nyingi kati ya nyuzi 900 na 1,300. Kwa kuwa hakuna kuyeyuka, hakuna mapovu ya hewa wala nyufa zile zinazotokea chuma kinapoganda, na ndiyo sababu vyuma visivyopatana kwenye moto wa kawaida huweza kupatana hapa.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko mashine zake. Mmarekani J. H. Bevington alipata hataza ya kutumia joto la msuguano kuunganisha mabomba mwaka 1891, lakini matumizi ya kiwandani yalisubiri hadi mwaka 1956, pale A. I. Chudikov, fundi wa Umoja wa Kisovieti, alipoonyesha kwamba vyuma viwili vinaweza kuunganishwa kwa mashine ya kukerezea iliyofanyiwa marekebisho. Miaka ya 1960 kampuni ya Caterpillar ya Marekani ikaendeleza njia ya pili, ile ya gurudumu zito, nitakayoirudia kwa kirefu kwa sababu naona ndiyo inayotufaa zaidi.

Ili tuone ukubwa wa mambo, tuchukue vipande viwili vya mviringo vya chuma cha kawaida vyenye kipenyo cha milimita 25. Eneo la uso wa kila kimoja ni milimita 491 za mraba. Chuma cha aina hii huhitaji shinikizo la takriban newtoni 30 hadi 60 kwa kila milimita ya mraba wakati wa kusugua, na takriban 75 hadi 150 wakati wa kukandamiza. Tukichagua 45 kwa hatua ya kwanza na 120 kwa ya pili, silinda italazimika kusukuma kwa kilonewtoni 22, kisha kilonewtoni 59. Hiyo ni kama kuweka uzito wa zaidi ya tani mbili, na baadaye tani sita, juu ya kipande ambacho mtu hukibeba kwa mkono mmoja. Wengi wanaoanza kuchora mashine hii hufikiria mota kwanza. Takwimu hizo mbili zinaonyesha kwamba inafaa waifikirie fremu.

Kasi nayo ina mpaka wake. Kwa chuma, ukingo wa kipande unapaswa kwenda kwa angalau mita 75 hivi kwa dakika. Chini ya hapo nguvu ya kusokota hupanda mno na chuma huchanika badala ya kulainika. Kipande chetu kikizungushwa mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake huenda mita 118 kwa dakika, na kiasi hicho kinatosha. Lakini hiyo ni kasi ya ukingo. Katikati kabisa ya kipande hakuna mwendo wowote, kwa hiyo hapazalishwi joto, na kitovu hupata joto lake kutoka kwenye pete ya nje kwa kupokezana kupitia ndani ya chuma. Ndiyo maana muda wa kusugua hauwezi kufupishwa tu kwa kuongeza kasi: ukingo utawaka kabla kitovu hakijapata habari.

Sasa umeme. Nguvu ya kusokota hupatikana kwa kuchukua theluthi mbili ya kigawo cha msuguano (namba inayoonyesha jinsi nyuso mbili zinavyokinzana zikisuguana) na kuizidisha kwa nguvu ya kusukuma na kwa nusu kipenyo. Kigawo kikiwa 0.5, kipande chetu kitahitaji newtonimita 92, na kwa mizunguko 1,500 hiyo ni takriban kilowati 14. Mota ya kilowati 15 ya umeme wa njia tatu wa volti 415 huvuta ampea kama 27 ikiwa na mzigo wake kamili, na inapowashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Zaidi ya hayo, mzigo wa mashine hii hauji polepole. Nguvu ya kusokota hupanda ghafla nyuso zinapogusana, hushuka chuma kinapolainika, kisha hupanda tena mwishoni, pale mzunguko unapopungua na chuma kinapoanza kupoa na kushikana. Kilele hicho cha pili ndicho kinachokata funguo za shafti, vile vijichuma vinavyoishikiza isizunguke peke yake, na kufanya kipande kiteleze kwenye taya zinazokibana, na mbunifu aliyepima kila kitu kwa ule wastani wa katikati hukutana nacho siku ya kwanza ya kazi.

Mashine iliyoelezwa hadi hapa ni ile inayoendeshwa na mota moja kwa moja. Mota huzunguka muda wote, klachi huunganisha shafti kuu, na wakati wa kusugua ukiisha klachi huachia na breki hushika. Breki hiyo lazima isimamishe shafti, chaki (kibano kinachoshika kipande kinachozunguka) na kipande kwa sehemu ndogo ya sekunde, na msukumo wa kukandamiza uingie wakati huohuo. Shafti ikichelewa kusimama huku chuma kimeanza kushikana, kiungo kipya kitasokotwa na kuchanika pembeni. Msukumo ukichelewa baada ya shafti kusimama, chuma kitakuwa kimepoa na hakitafinyangika. Breki inayolika kidogokidogo hubadilisha muda huo bila kumwambia mtu yeyote, na vipande vya mwezi huu havitakuwa sawa na vya mwezi uliopita ingawa mipangilio haijaguswa.

Njia ya pili huepuka breki kabisa. Shafti kuu hufungwa gurudumu zito, flaiwili, ambalo mota huliharakisha hadi kasi iliyopangwa. Kisha mota huachia, vipande hukutanishwa kwa msukumo mmoja, na nishati yote iliyokuwa ndani ya gurudumu huishia kwenye mguso. Mzunguko husimama wenyewe nishati inapoisha. Kwa chuma cha kawaida cha milimita 25, kazi huhitaji takriban kilojuli 32 na msukumo wa kilonewtoni 53 hivi, kwa kasi ya kuanzia ya mizunguko kama 4,600 kwa dakika. Nishati hiyo hukaa ndani ya diski ya chuma yenye kipenyo cha milimita 300 na unene wa milimita 45, uzito wake kilo 25 hivi, ingawa kwa hakika shafti na chaki navyo huhesabiwa katika uzito unaozunguka. Mota ya kilowati nne inaweza kuijaza nishati hiyo kwa sekunde kumi au zaidi kidogo, na mota ya mizunguko 2,900 ikiwa na puli mbili na mkanda itafika kasi hiyo bila gia.

Kwa karakana ya Lamu au Malindi naona tofauti hii inaamua mambo. Umeme wa gridi hufika Lamu kwa laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai na kupitia Malindi na Garsen, lakini karakana haiungwi kwenye laini hiyo. Iko mwisho wa waya mdogo unaogawiwa majirani wengi, ambapo mota kubwa ikiwashwa taa hufifia na volti hushuka. Volti ikishuka, mashine ya mota moja kwa moja hupoteza nguvu katikati ya kusugua, wakati ambapo haipaswi kupoteza chochote. Mashine ya gurudumu haijali: ikiwa volti ni ndogo, gurudumu litachelewa kufika kasi yake, na kidhibiti hakitaruhusu vipande vigusane hadi lifike. Hata jenereta ya kiasi inaweza kuiendesha. Ubaya wake ni kwamba kila ukubwa wa kipande hutaka uzito wake wa gurudumu, hivyo mbunifu huandaa diski kadhaa za kuongeza na kupunguza, kila moja ikiwa imesawazishwa vizuri. Kipande pia hakiwezi kusimamishwa kwenye pembe maalumu, jambo ambalo ni muhimu pale ncha mbili zenye umbo zinapopaswa kuelekeana.

Fremu nayo inastahili kusemwa kwa utaratibu, kwa sababu ndipo wengi hujaribu kuokoa fedha. Kishawishi kikubwa ni kuchukua mashine ya kukerezea ya zamani na kuifungia silinda mahali pa kichwa cha nyuma. Chudikov mwenyewe alianza hivyo, na kwa kujifunza si vibaya. Lakini mashine ya kukerezea ilibuniwa kubeba nguvu ya kisu kinachokata. Hata kipande cha milimita 10, kikikandamizwa kwa newtoni 120 kwa kila milimita ya mraba, hutaka karibu tani moja ya msukumo wa moja kwa moja, na beringi zake hazikuwekwa kwa ajili hiyo. Tatizo baya zaidi ni kitanda, yaani mwili mrefu wa chini unaobeba vichwa vya mashine. Mstari wa msukumo hupita juu ya kitanda. Ukiwa juu kwa milimita 200, msukumo wa kilonewtoni 60 hugeuka kuwa nguvu ya kupinda ya kilonewtonimita 12, kitanda hujikunja, vichwa viwili hutazama juu, na vipande hukutana kwa upande mmoja.

Dawa yake ni kufunga njia ya nguvu iwe duara lililokamilika. Kichwa cha shafti kuu na bamba la silinda huunganishwa kwa nguzo mbili au nne za chuma zinazopita sambamba na mstari wa msukumo, kwa mpangilio unaouacha mstari huo katikati yake kabisa. Nguzo hizo hazipindi, huvutwa tu. Nguzo mbili za kipenyo cha milimita 60 na urefu wa mita moja na nusu, zikibeba kilonewtoni 60, zitarefuka kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa kuwa zinarefuka sawasawa vipande hubaki kwenye mstari mmoja. Ni afadhali mashine irefuke kwa kiasi hicho kuliko ipinde kwa nusu yake.

Ndani ya kichwa, msukumo wote hupita kwenye beringi zinazobeba nguvu ya kuelekea mbele na nyuma, nazo huchaguliwa kwa kukadiria tani hizo sita pamoja na mtikiso wa kugusana, huku zikizunguka kwa kasi kamili. Zinahitaji mafuta yanayozunguka na kupozwa, wala grisi ya kupaka mara moja haitoshi. Upande wa pili, kipande kisichozunguka hubanwa na jiliwa lenye taya mbili zinazokutana katikati, na nyuma yake huwekwa kizuizi imara cha kupokea msukumo, maana taya pekee haziwezi kukizuia kisirudi nyuma. Sehemu inayochomoza nje ya taya iwe fupi kadiri inavyowezekana. Kila milimita ya ziada huongeza mtetemo, na mtetemo huonekana baadaye kama ukingo uliojikunja vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine.

Kwa msukumo wenyewe, silinda ya haidroliki yenye kipenyo cha milimita 100 hutoa kilonewtoni 60 kwa mafuta ya shinikizo la takriban baa 76, kiasi cha wastani kwa pampu za kawaida. Ugumu uko kwenye upesi. Kipande kinapofupika milimita tatu katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, silinda humeza mafuta kwa kiwango cha lita 14 hivi kwa dakika, na pampu ndogo ikishindwa kufuata, msukumo hushuka wakati unapohitajika zaidi. Chupa ya kuhifadhi mafuta chini ya gesi ya naitrojeni, ikifungwa karibu na silinda, humaliza tatizo hilo. Hewa ya pwani yetu huongeza jambo moja ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitilii mkazo: fito za silinda hupata vidonda vya kutu kutokana na chumvi ya hewani, vidonda hukata mipira ya kuzuia mafuta, na msukumo huanza kuvuja. Kifuniko cha kukunjika juu ya fito, na sanduku la vifaa vya umeme lililofungwa vizuri, ni sehemu za mashine na si mapambo.

Kidhibiti hupima mambo manne: kasi, msukumo, muda na kiasi ambacho vipande vimefupika. La mwisho ndilo lenye kusema ukweli zaidi. Vipande viwili vya aina moja, vilivyochomelewa kwa mipangilio ileile, vinapaswa kufupika kwa kiasi kilekile. Kimoja kikifupika kidogo kuliko wenzake, joto lilipungua, au mafuta yalikuwa mengi usoni, au chuma si kile kilichoandikwa. Kidhibiti kizuri hukikataa chenyewe na kuandika sababu. Pia hairuhusiwi mashine ianze kabla kinga haijafungwa, kwani gurudumu la kilo 25 lenye mizunguko 4,600 na kipande kilichobanwa vibaya ni hatari ya kufa, na mlango wa kinga lazima ubaki umefungwa hadi gurudumu lisimame.

Si kila chuma hukubali. Chuma cha kusubu hakifai, kwa sababu grafiti iliyomo hulainisha mguso kama mafuta na joto halipandi. Shaba zenye madini ya risasi, zile zinazotumika kwa bushi, hukataa kwa sababu hiyohiyo. Chuma chenye kaboni nyingi hukubali, lakini hupoa upesi na kuwa kigumu cha kuvunjika, kwa hiyo hupashwa moto tena baadaye. Alumini huungana na shaba nyekundu, na hata na chuma, mradi muda uwe mfupi, maana joto likidumu huzaa kati yake tabaka linalovunjika kwa urahisi.

Msuguano una njia nyingine pia, na nazitaja kwa kifupi. Kuna mashine inayosugua kwa kwenda na kurudi, inayotumika kushikiza mapanga ya kusukuma hewa kwenye diski za injini za ndege. Na kuna ile iliyobuniwa mwaka 1991 katika TWI, taasisi ya uchomeleaji ya Uingereza, ambapo kifaa kigumu huzunguka na kutembea kati ya mabamba mawili kikiyakoroga pamoja. Mojawapo ya matumizi yake ya kwanza ya kibiashara, huko Skandinavia katikati ya miaka ya 1990, yalikuwa mabamba ya alumini ya kugandishia samaki ndani ya meli za uvuvi.

Kwetu, kazi ya kwanza inayofaa mashine ya kuzungusha ni shafti ya rafadha. Upande unaotoka nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo, hutakiwa kuwa chuma kisichoshika kutu, ambacho ni ghali. Upande wa injini unaweza kuwa chuma cha kawaida. Kuunganisha viwili hivyo huokoa fedha nyingi, lakini kiungo lazima kikae ndani ya chombo, mahali pakavu, juu ya maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya chombo. Kikiwekwa ndani ya maji ya bahari, vyuma viwili tofauti vinavyogusana huwa kama betri, na chuma cha kawaida ndicho kitakacholiwa, hata kiungo kiwe kizuri namna gani.

Kabla ya shafti hiyo kufungwa chomboni, vipande vya majaribio vya kipenyo kilekile, chuma kilekile na mipangilio ileile huchomelewa, ukingo uliojikunja hukerezwa, na kila kipande hukunjwa kiungo kikiwa katikati hadi kivunjike au kikatae. Kikivunjika, uso wa mvunjiko usomwe. Doa la kijivu lisiloshikana katikati linamaanisha kuwa joto halikufika kitovuni: nishati iongezwe. Ufa wa pete karibu na ukingo, kwenye mashine ya breki, unamaanisha kuwa shafti ilichelewa kusimama, na breki ifunguliwe ikaguliwe kabla ya kugusa kipimo kingine chochote. Mwezi mwembamba wa upande mmoja usioshikana unamaanisha kuwa vipande havikukutana sawa, na hapo fundi arudi kwenye jiliwa, kisha kwenye nguzo, akiwa mkononi na kipimo cha saa, kile chenye uso kama wa saa cha kupimia mpindo mdogo.